Shokapu ya nyuma ya DT 125 inavuja, nimwachie fundi aikaze?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Yamaha DT 125 ya zamani ilikuwa imelala stoo kwa mjomba hapa Morogoro, naifufua taratibu. Injini inawaka ila shokapu ya nyuma inavuja oili, nikipita kwenye tuta inadunda kama mpira. Fundi wa mtaani anasema ataikaza, yaani anaweka springi nzito, anatoboa anajaza oili ya gia namba 90 na upepo wa kompresa. Mwingine ananiambia nifunge tu ya Boxer. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo shokapu usimpe. Ifungue kwenye pikipiki uifunge kwenye gunia ukae nayo ndani mpaka umalize kusoma hapa.

Hili neno "kukaza" ndo linaniumiza, manake naletewa shokapu zilizokazwa kila mara na nyingi haziponi tena. Watu wanaona shokapu ni springi. Springi kazi yake ni kubeba uzito, basi. Kinachoizuia isidunde ni oili inayopita kwenye matundu madogo ya pistoni na zile washa nyembamba zinazopinda. Sasa yako inadunda, springi ingekuwa imechoka ungeona pikipiki imekaa chini nyuma, kudunda maana yake springi bado ina nguvu ila hakuna kinachoituliza. Ukiweka nzito zaidi juu ya oili iliyokufa inakurusha kuliko mwanzo. Na springi haikisiwi kwa macho: waya ukitoka milimita 10 ukawa 11, upana na mizunguko ikabaki ileile, ugumu unapanda karibu asilimia 46. Wengine wanakata mizunguko miwili wakidhani wanailainisha, kumbe inayobaki inakuwa ngumu zaidi na fupi.

Oili namba 90 nayo. Shokapu inataka oili nyepesi, ya jamii ya ile ya shokapu za mbele tena ile nyepesi yake. Ukijaza nzito utaibonyeza pale gereji uone imetulia vizuri, umlipe fundi, uondoke umefurahi. Halafu ukiingia barabara ya vumbi yenye mikunjo gurudumu linapigwa, kabla halijarudi chini linapigwa tena, na tena, shokapu inazidi kujikunja mpaka imeishia, hapo unaendesha kama haina kitu na mgongo unausikia.

Upepo wa kompresa ndo usiutaje kabisa. Shokapu ya DT ina naitrojeni, kuna pistoni inayoelea katikati inatenganisha gesi na oili. Shokapu nyingi za aina hii zina presha ya bar 10 na kuendelea wakati tairi lako lina kama 2. Upepo wa pancha una unyevu, unaleta kutu ndani, na una oksijeni ambayo haitakiwi kukaa na oili ya moto kwenye presha. Na huyo anayetaka kutoboa, gesi ya zamani huenda bado imo! Kuna mtu nilimwona bushi imegoma kutoka akaipasha moto wa gesi ya kuchomelea, shokapu ikapasuka, kilichoruka kilitoboa bati la paa. Alisalimika kwa sababu alikuwa ameinama kuchukua nyundo. Sitaki ukaone hivyo kwako.

Kuhusu ya Boxer, hapana. Zile zinafungwa mbili na zinasimama. Ya DT yako imelala chini ya tanki, na shokapu isiyotenganisha hewa na oili ukiilaza inavuta hewa, ndani ya siku chache imebaki povu.

Kama unatafuta used Kariakoo nenda na yako mkononi. Pima jicho mpaka jicho, yaani tundu la bolti la huku mpaka la kule, upana wa bushi, unene wa bolti. Hata ikizidi milimita 10 tu nyuma inapanda zaidi ya hizo 10, manake gurudumu linatembea kuliko shokapu yenyewe. Springi ikiwa imetolewa, tena kwa kifaa chake siyo kwa kamba na bisibisi, bonyeza rodi, kile chuma kinachoingia na kutoka, hadi mwisho uiachie. Irudi yenyewe taratibu bila kuruka hatua. Ikibaki ndani gesi imeisha, ikiwa na sehemu inateleza bila uzito wowote kuna hewa kwenye oili.

Ila mimi ningefufua ya kwako. Pitisha ukucha kwenye rodi, ukikwama ina vishimo na oili sili mpya, yaani mpira unaozuia oili isitoke, itakatwa tena. Msasa usiguse, unaondoa kromu, rodi inachovywa kromu ngumu halafu inachongwa kurudi saizi yake. Sili ipimwe kwa unene wa rodi. Gesi atoe anayejua sehemu ya kuitolea. Naitrojeni utaipata hata kwa mafundi wa AC, wana mtungi na regyuleta, ilimradi kipimo cha presha kitoke kwenye kitabu cha pikipiki kisitoke kichwani mwa mtu. Ukishaifunga kaa juu ya pikipiki, nyuma ishuke kama theluthi ya safari yote ya gurudumu.

Na hili nawaambia na wa bodaboda wanaochomelea springi mbili ili wabebe magunia ya mkaa: siku mzigo haupo gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya lami, unakanyaga breki halishiki kitu, na nyuma umepakia mama na mtoto. Nimeshatengeneza pikipiki za ajali za namna hii, fundi aliyekaza huwa hayupo hapo.

Wewe anza na vipimo uandike kwenye karatasi. Na hiyo springi ya zamani usimwachie mtu hata akikwambia ni chuma chakavu, ndo utakayoirudisha.