Jibu: Ni kweli binti wa miaka 16 wa Ireland alipiga mia?

Mkuu umeuliza kama ile stori ya binti wa Ireland kupiga mia kwenye kriketi, yaani kufikisha mikimbio 100 peke yake kwenye mechi moja, akiwa na miaka 16 ni kweli, ndio ni kweli kabisa, anaitwa Amy Hunter, katokea Belfast, anapiga na pia ni mlinda wiketi (yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji). Ilikuwa Harare tarehe 11 Oktoba 2021, wanacheza na Zimbabwe, na siku hiyohiyo ndo alikuwa anatimiza miaka 16, akagonga mikimbio 121 na hawakumtoa mpaka ova 50 (kila ova ni mipira sita) zinaisha! Ireland walishapigwa mechi ya kwanza ya siriizi ile lakini wakageuza wakashinda tatu zilizofuata.

Rekodi aliyoivunja, ya mchezaji mdogo zaidi kupiga mia kwenye mechi za kimataifa za ova 50, ilikuwa ya Mithali Raj wa India, na Mithali aliiweka 1999 dhidi ya Ireland hao hao, mi hapo ndo huwa nasisimka. Hata Shahid Afridi wa Pakistan, ile mia yake ya Nairobi 1996, alikuwa mkubwa kuliko Amy. Kwahiyo ni rekodi ya dunia kwa wanawake na wanaume, inastahili kusemwa zaidi ya inavyosemwa. Ukimaliza kwake mtafute Gaby Lewis, huyo alianza kuichezea Ireland ana miaka 13.