Maswali na Majibu: Soma Migresheni Kabla ya Kuiendesha

Naanza mfumo wa kusajili wageni hapa Malindi. Nitumie ORM ya Django au SQLAlchemy?

Zote mbili ni ORM, yaani maktaba za Python zinazokuandikia SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata (hifadhi ya taarifa). Ikiwa tovuti yako imejengwa kwa Django, mfumo wa kujengea tovuti, tumia ya Django. Ikiwa sivyo, tumia SQLAlchemy. Swali hili nimelijibu mara nyingi, nami nawaomba tena wanaoliuliza waeleze mfumo una majedwali gani na nani atakayeutunza, kwa maana jina la maktaba pekee halinipi la kujibu.

Katika mfumo wa nyumba ya wageni hapa Shela, nilibadili jina la safu ya "simu" kuwa "namba_ya_simu", nikaiachia Alembic, chombo cha migresheni cha SQLAlchemy, iandike migresheni (faili la amri za kubadili majedwali), nikaiendesha. Namba za wageni wote zimetoweka. Alembic ina kasoro?

Pole sana ndugu yangu, lakini kasoro haiko huko. Alembic hulinganisha modeli zako, yaani majedwali ulivyoyaeleza katika msimbo, na majedwali yaliyopo, na haina njia ya kujua kwamba majina mawili ni ya kitu kimoja. Huona safu moja imeondoka na nyingine imeingia, ikaandika amri mbili, add_column ya kuongeza safu na drop_column ya kuifuta. Ungelifungua faili lile ungeliona drop_column limekaa waziwazi chini ya add_column, ukayafuta yote mawili na kuandika amri moja tu, op.alter_column yenye new_column_name. Django nayo huuliza iwapo jina limebadilishwa, ila jibu lililotangulizwa ni hapana, na anayebonyeza Enter kwa pupa hufikia ulipofikia wewe.

Usitegemee downgrade, amri ya kurudisha migresheni nyuma, kwani hurudisha safu tupu. Namba zitatoka katika nakala ya akiba, na kama huna, fungua daftari la mapokezi uzinakili upya, mgeni mmoja baada ya mwingine. Kuanzia leo usiguse kanzidata yenye taarifa za watu kabla ya kutoa nakala na kujaribu kuirejesha kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Na unaponakili, hifadhi namba za simu kama maandishi: safu ya namba kamili huila sifuri ya mwanzo, 07 ikabaki 7.

Ukurasa wa safari za mashua pamoja na abiria wake unachelewa mno kufunguka. Ninunue seva kubwa zaidi?

Usinunue. Weka echo=True kwenye create_engine, SQLAlchemy ikuonyeshe kila ulizo inalotuma kwa kanzidata, kisha ufungue ukurasa huo mara moja tu ukitazama kinachopita. Nilifanya hivyo kwenye kompyuta ya kijana mmoja wa Langoni: safari 200 zilitoa maulizo 201, moja la orodha na 200 ya kuleta abiria wa kila safari, yote yakifanana isipokuwa namba ya safari. Tulipotumia selectinload, inayoleta abiria wa safari zote kwa ulizo moja, yalibaki mawili. ORM huificha SQL, haiiondoi, na asiyeweza kuandika JOIN, amri ya SQL ya kuunganisha majedwali, kwa mkono wake hajawa tayari kukabidhiwa maktaba ya kumwandikia.

Tunatumia SQLAlchemy 1.3. Tupande moja kwa moja hadi 2.0?

Hapana. Pitieni toleo la 1.4, lililotengenezwa kuwa daraja. Wekeni SQLALCHEMY_WARN_20=1, inayowasha maonyo ya yatakayovunjika katika 2.0, mwendeshe majaribio yenu yote na kurekebisha kila onyo hadi pawe kimya, ndipo mwende 2.0, iliyotoka Januari 2023. Kinachonitia hofu zaidi ni commit, amri ya kuthibitisha ili kilichoandikwa kihifadhiwe. Zamani engine.execute ilithibitisha INSERT (amri ya kuingiza taarifa) yenyewe, katika 2.0 njia hiyo imeondolewa, na anayefungua connect() akaandika bila kuita commit() hupoteza alichoandika mara muunganisho unapofungwa, pasipo kosa lolote kutangazwa. Malipo ya mgeni yataonekana yamepokewa jioni, na asubuhi hayamo. Tafuteni kila execute katika msimbo wenu, mwisome kwa macho.

Umeme ulikatika katikati ya migresheni kwenye kanzidata ya MySQL. Niiendeshe tena?

Bado. MySQL huthibitisha papo hapo kila amri ya kubadili jedwali, kwa hiyo baadhi zimekwisha tekelezwa na baadhi hazijaguswa. Linganisha majedwali na faili, amri kwa amri, uondoe zilizokwisha kabla ya kuendelea. PostgreSQL, kanzidata nyingine, ingezirudisha nyuma zote kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu nawashauri wanaoanza upya waichague.