Jibu: Vipandikizi vya darasa la bustani ya mimea vinaoza nyumbani

Umesema washiriki wa darasa lenu wanaondoka na vipandikizi (vipande vya shina vya kuoteshwa mizizi) vizuri, baada ya wiki mbili wanarudi kulalamika vimeoza. Kwa kawaida tatizo ni udongo. Udongo wa kitalu wenye samadi unashika maji mno, na kipandikizi kisicho na mizizi hakina cha kufanya na mbolea. Changanyeni mchanga mkavu wa chengachenga na nyuzi za nazi, nusu kwa nusu. Ukiulowesha na kuufinya mkononi, mchanganyiko huo ushikane, lakini usichuruzike maji.

Kisha angalieni mikasi. Ikiwa butu inaponda shina, na kuoza huanzia hapo hapo. Ifuteni kwa spiriti kila mnapohamia mmea mwingine. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (mahali jani linapotokea kwenye shina), toa majani yote yatakayozama kwenye mchanganyiko, bakiza mawili au matatu juu. Yakiwa mapana yakatwe nusu. Tobo litobolewe kwanza kwa penseli, maana ukisukuma shina moja kwa moja unga wa homoni ya kuchochea mizizi uliopakwa shinani unabaki juu.

Mfuko wa plastiki wa kufunika ni mzuri, ila ukiwekwa juani unapika mmea. Kivuli chenye mwanga, na ufunguliwe kidogo kila siku.

Mimea yenye utomvu mweupe kama msanapichi msiipande siku hiyo hiyo. Kidonda kikauke kwanza siku kadhaa.

Kwa watoto chagueni koleasi, mmea wa mapambo wenye majani ya rangi rangi, inatoa mizizi upesi. Na tafadhali, kila chungu kiwe na kibandiko cha jina na tarehe, vinginevyo watavuta vipandikizi kila asubuhi kuangalia mizizi na kuikata.