Kazi Isiyo na Kiinua Mgongo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa mpenzi wa mieleka ya televisheni tangu nikiwa shule ya msingi. Hivi karibuni nimefahamu kwamba, kabla ya kampuni moja kuutawala mchezo huo nchini Marekani, kila kanda ilikuwa na mashujaa wake ambao watu wa kanda ya pili hawakuwajua hata kwa majina. Naomba kuelezwa watu hao waliishi vipi, na ilikuwaje walipozeeka. Tena, ikiwa matokeo yalikuwa yakipangwa, mbona wengi wao wameishia kutembelea mikongojo?

JIBU: Ndugu msomaji, sina budi kuanza na mfumo wenyewe, kwa kuwa ndio uliomlea mpiganaji na ndio huohuo uliomtupa. Mwaka 1948 mapromota kadhaa walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda National Wrestling Alliance, umoja ambao wanachama wake waligawana nchi kikanda, kila mmoja akiheshimu mpaka wa mwenzake. Portland, jimboni Oregon, ilikuwa mikononi mwa Don Owen, na Florida baadaye ikawa ya Eddie Graham. Mpiganaji wa kawaida alikaa kwenye kanda moja kwa miezi kadhaa, mpaka watazamaji walipoanza kumchoka, kisha akafungasha virago na kuhamia nyingine. Desturi ilimtaka anayehama akubali kushindwa kabla ya kuondoka, ili sifa alizozichuma zibaki kwa wanaobaki. Fikiria kazi ambayo kila unapoiaga unaagwa kwa kipigo mbele ya umati.

Kanda ya Memphis, jimboni Tennessee, inatosha kuwa mfano. Jumatatu usiku wapiganaji walikuwa ukumbi wa Mid-South Coliseum mjini humo, Jumanne Louisville, Jumatano Evansville, na Jumamosi asubuhi walitakiwa studio kwa kipindi kilichorushwa moja kwa moja. Kutoka Memphis hadi Louisville ni kiasi cha kilomita 600 kwa barabara, nao walisafiri kwa magari yao. Malipo yalitegemea viingilio, kwa hiyo mvua ikinyesha na watu wakabaki nyumbani, mfuko wa mpiganaji nao ulilowa. Tena stelingi na adui hawakupanda gari moja, hata kama ni marafiki wa kufa na kuzikana, kwa sababu mshabiki akiwaona pamoja kwenye kituo cha mafuta, biashara imeharibika. Siri hiyo ilitunzwa kwa bidii ya ajabu: mwaka 1982 Jerry Lawler, nyota wa kanda hiyo, alipambana na mchekeshaji Andy Kaufman mjini Memphis, ugomvi wao ukafika hadi televisheni ya taifa, na Kaufman akafariki mwaka 1984 umma ukiwa bado haujaambiwa kwamba wawili hao walikuwa wameshirikiana.

Sasa nije kwenye mikongojo. Kupanga mshindi hakulainishi ubao. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa sponji nyembamba na turubai. Mwanafunzi hufundishwa kubana kidevu kifuani, kutoa pumzi na kuusambaza mshindo kwa mgongo mpana na mikono inayopiga chini kwa pamoja. Hilo humwokoa shingo, lakini halimwondolei mshindo. Damu nayo mara nyingi ilikuwa damu kweli. Kipande cha kiwembe kilifungwa kwa plasta kwenye kidole au kifundo cha mkono, ncha ikiachwa wazi kidogo tu, na mpiganaji akiwa ameinamisha uso alijichanja karibu na nywele, akaiachia damu ichanganyike na jasho. Ndiyo maana vipaji vya nyuso vya baadhi ya wazee hao vina mifereji kama shamba lililolimwa.

Anguko la kanda lilikuja haraka. Vince McMahon aliinunua kampuni ya baba yake, ambayo leo ni WWE, mwaka 1982, akavuka mipaka yote iliyoheshimiwa, akatumia televisheni ya kebo na kuwachukua nyota wa mapromota wengine. WrestleMania ya kwanza, onyesho lake kubwa, ilifanyika mwaka 1985. Bill Watts, promota mwingine wa kikanda, aliuza kampuni yake mwaka 1987, na Don Owen akafunga kampuni yake ya Portland mwaka 1992. Mtu wa miaka 40, mwenye magoti yaliyochakaa na ujuzi mmoja tu, akajikuta hana kanda ya kuhamia.

Kwa maoni yangu, kilichowaumiza zaidi hakikuwa ubao wala kiwembe, bali mkataba. Mpiganaji alihesabiwa kuwa mkandarasi wa kujitegemea, si mwajiriwa, hivyo aliyeupigisha mgongo wake chini kwa miaka 20 aliondoka bila pensheni wala kiinua mgongo, na matibabu yakawa juu yake. Cauliflower Alley Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1965 na Mike Mazurki, mpiganaji aliyegeuka mwigizaji, huwasaidia wakongwe waliokwama, lakini huo ni msaada, si haki anayoweza mtu kuidai. Wapo waliofungua shule za mieleka, na wapo wanaoketi kwenye meza za makongamano ya mashabiki wakitia saini picha zao za ujana. Jesse Ventura, aliyewahi kupigana Portland, alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota mwaka 1998, ingawa huyo usimfanye kipimo.

Wengine hawakustaafu kabisa. Septemba 2012, Lawler akiwa na umri wa miaka 62 alipigana mjini Montreal, akarudi kwenye meza yake ya utangazaji, na usiku huohuo moyo wake ukasimama matangazo yakiwa hewani. Madaktari walimwokoa. Baada ya kupona, alirudi ulingoni.