Kwa wanaoanza kufundisha chuo cha jamii Marekani: niliyoyadokoa kwa mwalimu wa chumba cha jirani

Usiku wangu wa kwanza kufundisha katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili ambacho huku huitwa community college, niliuanza nje ya mlango. Kipindi kilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, darasa limefungwa, ofisi ya idara imefungwa tangu saa kumi na moja, nami nimesimama kwenye korido na wanafunzi 22 wanaonitazama kana kwamba ni mimi niliyeficha ufunguo. Aliyetuokoa ni mwalimu wa chumba cha jirani, mama wa miaka sitini na kitu, aliyetoka na shada la funguo, akafungua, akaniamuru niandike namba ya simu ya walinzi nyuma ya kitambulisho changu, kisha akarudi kwa watu wake. Hata jina hakuniuliza.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikifundisha hisabati, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyadokoa kwa mama yule. Wenzetu wengi kutoka Afrika Mashariki huanzia kwenye vyuo hivi, kwa kuwa shahada ya uzamili kwa kawaida inatosha na hudaiwi uzamivu. Kila Agosti napigiwa simu na mtu aliyepewa darasa lake la kwanza, na kila Agosti narudia maneno yale yale. Safari hii nayaandika.

Nilimwita Mwalimu, kwa Kiswahili. Alikataa wiki mbili tatu, maana huku hata baadhi ya wanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, lakini mdomo wangu ulikuwa mzito kumtaja mtu wa umri wa mama yangu hivyo. Mwishowe akazoea, na akinipigia simu husema, "Ni Mwalimu hapa."

Jambo la kwanza, jua umeingia wapi. Chuo cha jamii hakichagui watu. Mwenye cheti cha sekondari, au aliyefaulu mtihani wa GED unaolingana nacho, anaingia. Darasa moja litakuwa na kijana wa miaka 18, mama wa miaka 43 aliyeacha masomo kabla kijana huyo hajazaliwa, fundi wa kuchomelea anayetaka kuwa mhandisi, na muuguzi aliyesomea kwao ambaye vyeti vyake havikutambuliwa huku. Wiki ya pili nililalamika kwenye chumba cha walimu: hawa walipitaje, mbona hata sehemu hawawezi kujumlisha? Mwalimu alikuwa anakoroga chai. "Hawakupita," akasema. "Hapa hakuna pa kupita. Wameingia."

Baadaye nikasoma historia nikaona mlango wenyewe ulifunguliwa kwa nia mbili. Chuo cha Joliet kule Illinois, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha serikali cha aina hii, kilianza 1901 na wanafunzi sita. Waliokibuni ni mkuu wa sekondari ya mji huo, J. Stanley Brown, na William Rainey Harper wa Chuo Kikuu cha Chicago, na huyu Harper alikuwa na hamu ya kuona vyuo vikuu vinapunguziwa mzigo wa miaka miwili ya mwanzo. Ilipofika 1947, tume iliyoundwa na Rais Truman ikataka vyuo hivi vienee ili elimu iwafikie wengi. Nia zote mbili bado zimo. Utakutana na wakubwa wanaokiona chuo kama chujio, na wengine wanaokiona kama daraja, wakati mwingine ndani ya kikao kimoja. Mimi nilichagua upande siku ile ya chai, ingawa aibu ilinishika muda kabla sijakiri.

Sasa kusahihisha, maana hapa ndipo wageni wengi tunapoumiza watu bila kujua. Jaribio langu la kwanza lilikuwa na maswali kumi ya alama mbili mbili. Mwanafunzi mmoja alipata 10 kati ya 20, nami nikamwekea kalamu nyekundu kila mahali. Mwalimu akaichukua karatasi ile, akaipitisha kidole mstari kwa mstari. Kijana alikuwa ameandika kwamba −3² ni 9. Kwa kanuni ni −9, kwa sababu kipeo kinaishika 3 peke yake, na alama ya kutoa inasubiri nje mpaka uweke mabano. Kosa hilo lilikuwa limejirudia katika maswali matano, na kila baada ya kosa hatua zilizofuata zilikuwa sahihi kabisa, safi, zimepangwa kuliko nilivyopanga mimi ubaoni. Nilikuwa nimemkata mara tano.

"Huyu ana kosa moja," Mwalimu akasema. "Wewe umemwambia ana matano."

Tangu hapo nasahihisha hivi: kosa nalikata mara ya kwanza, likijirudia naliwekea duara tu, na chini ya karatasi naandika sentensi moja inayosema la kufanya, siyo "jitahidi zaidi". Kwa kijana yule niliandika: "Weka mabano kabla ya kipeo, kisha rudia swali la 2, 4, 5, 7 na 9." Akarudi na 18. Kazi hii inakula muda, sitakudanganya. Karatasi 22 kwa dakika 12 kila moja ni saa nne na dakika 24, na hakuna anayekulipa saa hizo kwa jina lake.

Jambo la pili, na hili nakuomba usome polepole, ni wiki ya 3 mpaka wiki ya 9. Huko ndiko wanafunzi wanakopotelea. Hawaagi. Jumanne mtu yupo, Alhamisi hayupo, wiki inayofuata hayupo, na wewe una 21 waliobaki wa kushughulika nao. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumwandikia mtu usiku ule ule aliokosa kipindi cha pili, ujumbe mfupi usio na lawama: nimeona hukuja, Jumanne tunaanza milinganyo, kiti chako kipo. Hakuwahi kuuliza sababu. Alisema ukiuliza sababu unamlazimisha mtu kutunga moja, na akishatunga ataona aibu kurudi.

Mimi nilijifanya mwema kwa njia nyingine, na mwanafunzi akalipia. Alikuja wiki ya 6, macho mekundu, zamu zake za kazi zimebadilishwa, mtoto anaumwa. Nikamwambia, "Pumzika. Acha kozi zote, utarudi muhula ujao ukiwa na nguvu." Nilidhani namwonea huruma. Sikujua kwamba aliyelipiwa na ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell akijiondoa kwenye kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha ile inahesabiwa kuwa hakuistahili na lazima irudishwe. Kwa muhula wa wiki 15, mstari huo uko mwishoni mwa wiki ya 9. Chuo kikarudisha sehemu yake, kikamgeuzia yeye deni, na pale mwenye deni hakuruhusiwa kujiandikisha. Muhula ujao haukufika. Nilikutana naye miaka miwili baadaye kwenye foleni ya duka, akanisalimia kwa heshima zote, na heshima ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia anataka kuacha, usimwambie acha wala usimwambie kaa. Inuka, ongozana naye mpaka ofisi ya msaada wa fedha kabla hajabonyeza chochote kwenye mfumo. Wakati mwingine kubaki na kozi moja tu kunabadilisha hesabu yote, na anayejua kuipiga hesabu hiyo ni wao, siyo wewe. Tarehe ya asilimia 60 iandike kwenye silabasi yako kwa herufi nene.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Alama za mwanafunzi ni siri yake tangu sheria ya FERPA ya 1974. Mzazi akikupigia simu, hata akilia, mwelekeze kwa msajili na usithibitishe hata kwamba mtoto yuko darasani kwako. Kwetu mzazi ni mzazi, najua, na mara ya kwanza utajiona huna adabu. Mwanafunzi mwenye ulemavu atakuletea barua ya ofisi husika inayosema apewe, tuseme, muda wa nusu zaidi kwenye mtihani. Mpe, na usimuulize anaumwa nini.

Tuje kwenye malipo, ambayo watu wetu huona haya kuyaongelea. Walimu wengi wa vyuo hivi ni wa muda, wanalipwa kwa kozi. Kuna hesabu moja unapaswa kuijua: tangu 2014 IRS, mamlaka ya kodi ya huku, inaviruhusu vyuo kuhesabu kila saa ya darasani kwa wiki kuwa saa 2 na robo za kazi, ili kujua nani amefikia saa 30 zinazomfanya mwajiri adaiwe bima ya afya. Piga mwenyewe utaona kwa nini vyuo vingi vinakugawia kozi tatu, pengine nne, kisha vinasimama hapo. Utajikuta unafundisha vyuo viwili na mihtasari yako iko kwenye buti ya gari. Kabla ya kusaini uliza maswali matatu: darasa likifutwa siku mbili kabla ya kuanza kwa uchache wa wanafunzi, nalipwa chochote? Saa za kukaa ofisini zinalipwa? Ofisi yenyewe ipo?

Na hapa Mwalimu, mtu niliyemwona akitoa muda wake bila kuhesabu, alikuwa mkali ajabu. Idara iliponiomba niingie kwenye kamati ya mitaala bila malipo, "kwa moyo wa kujitolea", alinikataza. Alisema kujitolea ni kwa ajili ya asiyeweza kulipa. Mwenye idara ya mishahara anaweza. Nilikataa kwa barua ya mistari miwili, nikashangaa kwamba hakuna kilichotokea.

Yeye mwenyewe Jumamosi zake, kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka tarehe 15 Aprili, zilikuwa za VITA, kifupi cha jina la Kiingereza. Ni mpango ulioanza 1969, ambapo watu waliofaulu mtihani wa IRS huwajazia ritani za kodi bure wenye kipato cha chini na cha kawaida. Aliniburuta huko mwaka wangu wa pili. Mtihani ni wa mtandaoni na kitabu unaruhusiwa kufungua, lakini usiudharau. Kupokea hata shilingi ni marufuku. Mzee mmoja aliacha dola 20 chini ya kibodi yangu, ikabidi nimkimbilie mpaka maegesho.

Kule ndiko nilikojifunza kufundisha, ukitaka ukweli. Mwalimu hakukaa ng'ambo ya meza. Alikaa ubavuni mwa mtu, kioo cha kompyuta wanakiona wote wawili, na kalamu anaishika mwenye karatasi. Mtu alikuja na bahasha za mwaka mzima hazijafunguliwa, mkono unatetemeka. Hakumwambia angezifungua mapema. Alimpa kifungulia bahasha akasema, "Tuanze na nyembamba." Jumatatu iliyofuata nikaacha kusimama mbele ya wanafunzi wakati wa mazoezi, nikavuta kiti.

Na alikuwa na swali moja asilolisahau kwa yeyote: "Unasoma, au una mtoto anayesoma?" Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mpaka wa nne anayesoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida anaweza kustahili nafuu ya kodi ya elimu inayofika dola 2,500, na hadi 1,000 kati ya hizo zinaweza kumrudia mkononi hata kama hadaiwi kodi. Vitabu vya kozi vinahesabiwa, popote vilikonunuliwa. Ndiyo maana siku ya kwanza ya muhula nawaambia wanafunzi wangu watunze risiti. Tahadhari moja: ukikutana na mwanafunzi wako kwenye meza ile, mwombe mwenzako amhudumie. Mimi niliwahi kuona fomu za mshahara tatu za mtu mmoja, za waajiri watatu, na ilinibidi nijizuie darasani nisimtazame tofauti alipochelewa.

Kila ritani hupitiwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo Mwalimu aliipenda. Mwaka wangu wa kwanza kule VITA nilipindua tarakimu mbili za akaunti ya benki. Marejesho ya mtu yangeingia kwa mgeni, na kuyarudisha ni kazi ya miezi, kama yanarudi. Alilikamata kwa kidole kile kile cha kwenye jaribio, tarakimu kwa tarakimu, midomo ikicheza bila sauti. Hakusema neno, aligeuza tu kioo upande wangu akasubiri.

Alistaafu kufundisha mwaka juzi. Jumamosi bado anakuja, na mto wake wa kukalia. Februari iliyopita aligeuza kioo tena upande wangu, akasubiri. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto: nilikuwa nimeandika siku kwanza, mwezi baadaye, kama tulivyofundishwa nyumbani.