Kubeti farasi na zawadi ya mbio za punda: lipi halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, kwetu ni Kondoa. Kuna duka la kubeti mtaani linaloonyesha mbio za farasi, na watu wanaweka dau. Mwenzangu anasema hakuna ubaya kwa kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindanisha farasi, na kwamba bila fedha za wanaobeti mbio zile zingekufa na watu wengi wangekosa kazi. Pili, vijana wa kwetu tunataka Idd ijayo tufanye mashindano ya mikokoteni ya punda: washiriki 12, kila mmoja atoe 10,000, mshindi achukue zote. Tatu, nina shilingi 64,000 kwenye simu nilizopata kwa mkeka wa 4,000. Nizifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenzako ameshika ukweli, kisha akaujengea batili juu yake. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba farasi waliotayarishwa walikimbizwa kutoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, sehemu mbili karibu na Madina, na wasiotayarishwa kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zurayq. Sufyan, mmoja wa wapokezi, amekadiria safari ya kwanza kuwa maili tano au sita na ya pili maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kutayarisha huko ni kumlisha farasi mpaka anone, kisha kumpunguzia chakula hadi kile cha kumtosha tu, na kumfunika nguo ndani ya banda atoke jasho, nyama ikaze na pumzi iongezeke. Hata umbali uligawanywa kulingana na uwezo wa mnyama, ili asishindanishwe dhaifu na mwenye nguvu.

Na katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, Mtume (s.a.w.) amesema hakuna zawadi ya mashindano isipokuwa kwa ngamia, mshale au mwenye kwato. Kwa hiyo kutoa zawadi kwenye mbio za farasi si makosa. Unalotakiwa kuuliza ni hili: nani ametoa fedha, na nani anaweza kuipoteza?

Tuangalie sasa fedha za kubeti zinavyotembea. Katika nchi nyingi wanatumia mfuko wa pamoja, utaratibu uliobuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Tuseme zimeuzwa tiketi 500 za shilingi 2,000, mfuko ukawa 1,000,000. Kabla ya lolote wenye mchezo wanakata sehemu yao. Marekani makato hayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 25, kutegemea aina ya dau. Tuchukue 20: zimetoka 200,000, zimebaki 800,000. Ikiwa tiketi 100 zilimchagua farasi namba 4 na akashinda, kila moja inalipwa 8,000. Hawa 100 wameongeza 600,000 kwa jumla. Wale 400 wamepoteza 800,000. Tofauti ya 200,000 ndiyo makato yale. Hakuna hata senti iliyozalishwa hapo. Imehama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Na anayerudia kubeti hukatwa kila raundi: 10,000 inayozungushwa mara tano kwa makato ya asilimia 20, kwa wastani hubaki kama 3,300.

Madukani kwetu wanatumia odi, yaani namba inayozidishwa kwa dau lako ukishinda, lakini hesabu ni ndugu wa hiyo. Farasi wanne wenye uwezo sawa, odi ya haki ni 4.00. Duka likikupa 3.40, kwa wastani kila 10,000 unayoweka inakurudishia 8,500. Na kama mbio unazoziona hapo zinaanza kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, basi hizo ni picha za kompyuta. Hakuna farasi, hakuna mpanda farasi, hakuna mtunza farasi anayelipwa mshahara. Hoja ya ajira hapo haina hata pa kusimama.

Kwenye mbio za kweli, hata hivyo, mwenzako hakukosea kuhusu uchumi wake. Uingereza, sheria ya mwaka 1961 iliweka tozo kwa makampuni ya kubeti. Tangu 2017 ni asilimia 10 ya faida ghafi (dau zote ukitoa waliyolipwa washindi) inayotokana na mbio za Uingereza, kwa sehemu inayozidi pauni 500,000. Tozo hiyo huchangia zawadi, utafiti wa mifugo na usimamizi wa mbio. Marekani sehemu ya makato huingia kwenye zawadi moja kwa moja. Zawadi ya mbio ikiwa dola 50,000, mshindi kwa kawaida hupata takriban asilimia 60, yaani 30,000. Mpanda farasi huchukua 3,000, mkufunzi 3,000, na mwenye farasi hubakiwa na 24,000. Humo ndimo atakamotoa chakula, daktari, kwato na mishahara ya wahudumu. Wanaobeti wakihamia michezo mingine, zawadi hushuka. Wenye farasi hujitoa, mbio zinabaki na farasi watano au sita, na mbio za farasi wachache huvutia dau kidogo zaidi. Ndiyo maana baadhi ya majimbo huko yameziba pengo kwa mapato ya mashine za kamari, yaani kamari inalishwa kwa kamari nyingine.

Lakini ndugu yangu, hoja ya kwamba kamari ina faida kwa watu si mpya. Qur'ani imeitaja na kuijibu. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakichinja ngamia na kuchezea kwa mishale kumi: saba yenye mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba, na mitatu mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Washindi hawakula ile nyama, waliwapa masikini, na walijifakharisha kwa hilo. Yaani kamari yao ililisha wenye njaa wakati wa baridi na ukame! Hapo ndipo Allah aliposema katika Suratul Baqara aya ya 219 kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hakukanusha manufaa. Kisha katika Suratul Maida, aya za 90 na 91, akaamrisha viepukwe kabisa, akitaja uadui, chuki, na kuzuiwa watu na kumkumbuka Allah na swala. Klabu ya mbio ya Hong Kong hutoa faida yake kwa hospitali na shule, na hukumu yake haitofautiani na nyama ya ngamia yule.

Na si kweli kwamba farasi hawezi kukimbia bila kamari. Dubai World Cup ilianza 1996 na ikajenga jina lake bila dirisha la kubeti uwanjani. Zawadi yake imefikia dola milioni 12. Saudi Cup ilianza 2020 kwa zawadi ya dola milioni 20. Fedha hutoka kwa watawala na wafadhili, na anayeshindwa hapotezi dau. (Watu wa nchi nyingine huzibetia mbio hizo kwao, na dhambi ni ya anayebeti.)

Sasa mikokoteni yenu. Punda ana kwato, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba kushindanisha punda kwa zawadi kunasihi, kama farasi. Tatizo ni ile 10,000. Kila mmoja anaingia akiwa ama atapata 110,000 juu ya yake, ama atapoteza 10,000. Hiyo ni kamari, hata mkiiita kiingilio, hata mkianza kwa Bismillahi.

Njia nyepesi ni mfadhili asiyeshindana: mfanyabiashara, mzee wa mtaa, au wana Kondoa walioko mjini. Asiwe kampuni ya kubeti wala ya pombe. Au mshiriki mmoja peke yake aseme, "Atakayenishinda nampa 50,000, nikimshinda simdai kitu." Hiyo pia inasihi. Wakitoa wote, Mashafi wanashurutisha aingie mwingine asiyetoa chochote, mwenye mnyama anayeweza kweli kushinda. Akishinda anachukua, akishindwa halipi. Wanazuoni Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim hawakuona sharti hilo, lakini kwa mashindano ya mtaani yenye vijana wengi nakushaurini msiifungue kabisa hiyo njia. Mkihitaji fedha ya maji, kamba na kipaza sauti, changeni kando na isiguse zawadi.

Zawadi itajwe kiasi chake kabla na iwekwe kwa mtu mwaminifu. Ya pili iwe pungufu ya ya kwanza. Mwanzo na mwisho vijulikane, na kila punda atajwe asije akabadilishwa. Mzigo uwe sawa, kwa mfano madumu manne ya lita 20, ambayo ni kilo 80 za maji, mbali na mkokoteni. Wanazuoni waliangalia shingo kwa farasi na bega kwa ngamia; nyinyi kubalianeni mapema kama mtaangalia shingo la punda au gurudumu, maana ugomvi mwingi huanzia hapo mwishoni. Mtume (s.a.w.) amekataza jalab na janab: mtu kumkimbilia mnyama nyuma akimpigia kelele aongeze mbio, na kuandaa mnyama mwingine mpya pembeni wa kubadilishia. Amekataza pia kumpiga mnyama usoni. Kagueni mabega na kifua panaposuguliwa na mkanda. Mwenye kidonda au mwenye mimba asiingie. Kimbizeni asubuhi baada ya swala ya Idd, jua la Kondoa halijawa kali. Na tangazeni kwamba watazamaji wasiwekeane dau, kwani mashindano yenu yatakuwa halali na pembeni yake pakafanyika haramu.

Kuhusu 64,000: tubu, na uitoe kwenye akaunti ya kubeti leo, kwa sababu ikibaki humo itaingia kwenye mkeka mwingine. Usiwaachie kampuni. Ile 4,000 ni mali yako. Zile 60,000 ni mali ya watu usiowajua na huwezi kuwarudishia, basi wape masikini au ziingie kwenye manufaa ya umma kama kisima, bila kunuia thawabu ya sadaka, kwani unajivua kitu kisicho chako. Usizilipie deni lako wala kununulia futari ya nyumbani. Kisha futa programu hiyo kwenye simu.

Wallahu aalam.