Daftari la Jikoni Linavyonipangia Chakula cha Jioni

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza ninajuaje siku ya Jumapili kitakacholiwa Alhamisi, ilhali yeye hufika nyumbani saa moja usiku, akiwa amechoshwa na foleni, na kukuta wakubwa kwa wadogo wakimsubiri aseme kipikwe nini. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na akina mama wenzangu wa Dar es Salaam, na jibu langu ni lile lile: kabla hujapanga wiki ijayo, andika ulichopika wiki hii.

Mimi sikuanza kuandika kwa kupenda. Katika shughuli moja ya kifamilia, wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba kwa kaka yake watoto wanalishwa maharage kama wanafunzi wa bweni. Nilinyamaza, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameketi mkekani karibu nasi na haikuwa adabu kujibizana mbele yake. Hata hivyo maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikidamka kwenda sokoni Buguruni, na ni mimi niliyejua bei ya kila fungu la mchicha lililoingia katika nyumba ile. Kesho yake nilinunua kauntabuku na kuchora safu nne: siku, kilichopikwa, kilichonunuliwa pamoja na bei yake, na kilichobaki.

Baada ya miezi michache daftari lilinipa haki yangu. Maharage yalikuwa yakipikwa mara mbili tu kwa wiki, na siku nyingine tulikula kunde za nazi, dagaa wa Mwanza, kisamvu cha karanga, vibua vya kukaanga au choroko. Najivunia kurasa zile, na sioni aibu kusema hivyo, kwa maana mwanamke anayelisha watu wengi kwa kipato cha kawaida hufanya kazi ya akili ambayo wengi hawaioni.

Safu ya nne, ile ya kilichobaki, ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ukurasa mmoja ninao hapa mbele yangu: Jumatano, wali, kunde za nazi, tembele, nazi mbili, tembele mafungu matatu, umebaki wali bakuli moja, tembele limekwisha. Maneno hayo machache yalinifundisha kwamba siku ya kunde nipunguze mchele kidogo na niongeze fungu moja la tembele, na kwamba asubuhi inayofuata kiporo kipo cha kunywea chai, kwa hiyo hakuna haja ya kununua mkate.

Kurasa zinapokuwa nyingi huanza kuonyesha mambo ambayo jicho la siku moja haliyaoni. Kwa mfano, niligundua kwamba dagaa wabichi wa soko la Feri huadimika na kupanda bei mwezi unapokuwa mpevu. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda taa hazina tena nguvu ya kuwavuta. Siku hizi kabla ya kupanga wiki hutazama kwanza mwezi umefikia wapi. Ukiwa umekaribia kujaa, naweka dagaa wakavu au mayai mahali pa wabichi. Vivyo hivyo wakati wa masika, nyanya zinapopanda bei, ratiba yangu huelekea kwenye mapishi ya nazi na karanga ambayo hayahitaji nyanya nyingi.

Kupanga kwenyewe hakuchukui muda. Jumamosi usiku naloweka maharage, na Jumapili mchana, baada ya kumwaga maji ya kulowekea, nachemsha sufuria kubwa na kuyagawa katika vyombo vya kuweka kwenye friji, yasubiri tu kitunguu na tui siku itakapofika. Tarehe ya kuanza mtungi wa gesi huandikwa pembeni mwa ukurasa, na tangu nianze utaratibu huo mtungi wa kilo 15 unakaa muda mrefu zaidi. Halafu nafungua kurasa za wiki mbili zilizopita na kuchagua milo ambayo haikubaki.

Mama mkwe wangu ni mwenyeji wa Bukoba, na kwake siku isiyo na ndizi ni siku pungufu. Nilimpa Jumamosi iwe yake, ndizi na maharage yakipikwa pamoja katika sufuria moja kama anavyotaka, na tangu hapo hajalalamika tena, kwa kuwa mzee akijua siku yake ipo, hula ugali wa dona wa siku nyingine kwa moyo mweupe.

Dada zangu, nanyi kaka zangu mnaopika, msidharau kuandika. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, inatuhimiza kila mara kuchanganya makundi ya vyakula, nasi huitikia kwa kichwa kisha tukasahau; daftari halisahau. Kwetu kilichokuwa kikikosekana kilikuwa matunda, na hakuna aliyeliona hilo mpaka lilipokuwa limeandikwa. Sasa machungwa ya Muheza yanapojaa sokoni katikati ya mwaka, yanaingia katika ratiba kabla ya nyama. Andika hata siku mliyokula chipsi za njiani. Andika hata ukiwa umechoka, na ukishindwa, mwambie mtoto aandike wewe ukimtajia.

Jambo la mwisho ni kuacha jioni moja wazi. Nyumba zetu hufikiwa na wageni wasiotoa taarifa, na ratiba iliyobanwa siku zote saba hugeuza ugeni kuwa kero, jambo ambalo si haki kwa mgeni wala kwa mpishi. Kwetu Ijumaa haina mlo uliopangwa. Mgeni akija Jumanne na mboga ikabidi ibadilishwe, mlo wa Jumanne huhamia Ijumaa, na katika safu ya pili huandikwa kile kilicholiwa kweli.